Mwaka wa Utepe wa Inva

Simu ilinikuta nasahihisha mitihani ya kidato cha pili, miwani puani, chai imepoa kando yangu. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke, nzito, sauti ya mtu aliyelia hadi machozi yakamwishia, ikasema, "Sekela? Mie Mwajuma. Mama katutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, "Alikuwa anakuulizia." Nikampa pole, nikamwambia nitafika, nikakata simu. Kisha nikasahihisha karatasi moja mara mbili, na kila mara nikapata alama tofauti. Nakaribia kustaafu sasa. Nimezika wazazi wote wawili, nimezika mume, lakini sikumbuki msiba ulionivuruga namna ile. Na haikuwa huzuni. Ningependa sana kusema kwamba ilikuwa huzuni.

Nilikwenda kuishi kwa yule mama mwanzoni mwa miaka ya tisini, Tandika, Temeke, baada ya mimi na bintiye kuajiriwa siku moja katika shirika la umma la upimaji lililokuwa upande wa Chang'ombe. Sote wawili tulikuwa tumetoka kumaliza shule ya ufundi. Mimi nilikuwa na sanduku la bati na anwani ya shangazi, na nilipoifuata ile anwani niliambiwa shangazi alishahama, wala hakuna ajuaye alikohamia. Mwajuma alinisikiliza tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ofisi, miguu yake mirefu ameinyoosha, anatafuna muwa. Akatema kapi, akasema, "Twende kwetu. Kitanda changu kipana." Hivyo ndivyo nilivyopata kwetu Dar es Salaam, wala sijui kama kuna mwaliko mwingine maishani nilioupokea kwa furaha kama ule. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani kisima cha maji ya chumvichumvi na jiko la kuni chini ya kibanda cha makuti. Haikuwa na dari. Kuta zilipanda zikaishia kabla hazijafika kwenye mabati, kwa hiyo neno lililosemwa chumba cha mbele lilipita juu likaangukia chumba cha nyuma. Tulijua mpangaji yupi kanuniwa na mkewe, na yupi anaongea usingizini. "Nyumba hii haina siri," Mama Mwajuma alipenda kusema, akicheka, "ukitaka siri kajenge Masaki kwa matajiri."

Mama Mwajuma aliniita mwanangu wa bara. Nilitoka Tukuyu, nimezoea ndizi na maziwa ya mgando, na yeye alinifundisha kula pweza kwa kunitilia mdomoni kwa mkono wake huku majirani wanatazama. Asubuhi alikaanga vitumbua vya kuuza, na vya mwanzo kutoka kikaangoni vilikuwa vyetu, mimi na Mwajuma, tukavila tumesimama, vinatuunguza vidole, tukikimbilia kazini. Jioni alipakua yeye mwenyewe, hakuna aliyegusa mwiko. Kipande cha samaki cha tumboni kilikuwa cha Mwajuma, kwa kuwa ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki. Mimi nilipata cha karibu na kichwa, na sikuwahi kuona hilo kuwa dhuluma. Jumapili nilipokwenda kanisani alinikumbusha nimuombee na yeye, "Mungu wetu si mmoja?" Leo ninapojaribu kumkumbuka vibaya, kumbukumbu hainipi ushirikiano. Inaniletea vitumbua.

Kazini tuliwekwa chini ya Bwana Semkiwa, mkuu wa upimaji, mtu wa Lushoto, mfupi, nadhifu, kalamu mbili mfukoni daima. Alituita binti zangu. Mwajuma alipenda kwenda uwandani, kushika mlingoti wa kupimia, kupigana utani na wanavijiji wanaotaka kujua bikoni, lile jiwe la mpaka, itaangukia upande gani wa mnazi. Mimi nilipenda chumba cha vipimo. Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, kama ushoroba uliosahaulika, kina baraza ya saruji iliyokimbia ukuta hadi ukuta, na juu ya saruji vichwa vya shaba vilivyopandwa kama misumari, kila kimoja kina mkwaruzo mwembamba. Humo ndimo futikamba zote za shirika zilipimwa ili kujua kama zinasema kweli. Na kilichowekwa juu ya rafu, ndani ya sanduku lake la mbao, kimezungushwa kwenye gurudumu pana, ndicho kilichokuwa hakimu wa zote: utepe wa inva.

Bwana Semkiwa hakutuhubiria kuhusu utepe ule, alituonyesha. Siku moja alitutoa uani asubuhi, ardhi ingali baridi, akaamuru tutandaze futikamba ya chuma cha kawaida na ile ya inva sambamba, tukazivuta kwa mizani ili mkazo uwe sawa, tukatia alama ya chaki mwisho wa kila moja. Alama zikalingana. Akatuambia tuache kila kitu, tukanywe chai. Tuliporudi jua limesimama utosini, saruji inafukuta, akatuambia tutazame tena. Futikamba ya chuma ilikuwa imeivuka chaki kwa upana wa vijiti vichache vya kiberiti. Ile ya inva ilikuwa palepale, au kama ilisogea, jicho langu halikuona. "Hiki ni chuma na nikeli," akasema, "nikeli theluthi na ushei. Vyuma vingine vyote jua likivipata vinatanuka, baridi ikivipata vinanywea. Hiki hakibabaiki." Mwajuma akasema, "Basi mzee kwa nini reli zote wasitengeneze kwa hiki?" Bwana Semkiwa akacheka. "Kwa sababu ni ghali, na kwa sababu ni laini. Joto haliwezi kitu kwake, lakini mkunjo mmoja unamuua. Usimzungushe kwenye gurudumu dogo, usimkanyage, usimvute kwenye mawe. Na akikunjwa, msijidanganye kumnyoosha. Kwa macho mtaona kapona. Hajapona." Kisha akanigeukia mimi, akanipa ufunguo wa chumba kile, mbele ya Mwajuma na vibarua wawili. "Sekela ana mkono mwepesi. Huyu atakuwa wako." Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Sijui mtu anaweza kumwelezaje kijana wa leo, mwenye simu inayompimia kiwanja angani, fahari niliyoisikia kwa kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha vipimo.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali imelegeza biashara. Maduka yaliyokaa miaka na miaka na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi. Kila aliyekuwa na mshahara alitafuta cha pembeni, maana mshahara peke yake haukuvuka mwezi. Madaktari walifuga kuku, walimu waliuza barafu, na Bwana Semkiwa alikuwa anajenga gesti Sinza. Huko Mbweni, ambako kabla yake tulikujua kwa minazi na mikorosho tu, watu wapya wenye pesa mpya walitaka viwanja, na kiwanja kinataka mpima. Shirika letu lenyewe lilikuwa linakata roho. Tulisikia kwamba litauzwa, kisha kwamba litavunjwa, kisha kwamba litapunguza watu kwanza halafu ndiyo liuzwe. Katika giza hilo kulikuwa na taa moja: mradi wa mabomba ya maji upande wa Kibamba, wenye wafadhili wa nje, na wafadhili hao walikuwa wametoa nafasi moja ya masomo ya stashahada ya upimaji kwa kijana wa idara yetu. Atakayekwenda, kazi yake imenusurika. Atakayebaki, Mungu anajua. Bwana Semkiwa aliniita pembeni akasema, "Jina nimeshalipeleka, binti yangu. Ni lako. Lakini nyamaza kwanza." Sikunyamaza. Nilimwambia Mwajuma jioni ileile tukiwa tumelala, uso kwa uso, kwenye kile kitanda kipana. Alinikumbatia. Alisema, "Mmoja akipata, tumepata wote." Nilimwamini, na naamini hadi leo kwamba dakika ile alipolisema neno lile alikuwa analimaanisha.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta Mwajuma hayupo. Mama yake akasema kaenda kwa mashoga zake Mtoni. Alirudi jioni, kimya, kachomwa na jua, akaoga maji mengi, akala kidogo. Kesho yake nilipofungua chumba cha vipimo niliona mchanga kwenye kifuniko cha sanduku la utepe, mweupe, laini kama unga, si vumbi letu la Chang'ombe. Na utepe ulikuwa umezungushwa namba zikitazama nje. Mimi siku zote niliziweka zitazame ndani. Nikamuuliza Mwajuma kama kuna mtu aliyeingia. "Nani aingie? Ufunguo si unao wewe?" akasema, huku anafunga kilemba chake mbele ya kioo cha dirisha. Nikamuuliza Bwana Semkiwa. Akasema, bila kuinua macho, "Nilikuja mwenyewe kukagua. Nina ufunguo wa akiba. Endelea na kazi." Nikafuta mchanga nikaendelea na kazi. Mtu aliyekulea kazini akikwambia jambo, utamuuliza ushahidi?

Haukupita muda, mhandisi wa wafadhili alikuja kukagua vipimo kabla kazi ya Kibamba haijaanza. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, ana utepe wake mwenyewe wa inva kwenye sanduku lililofanana na letu. Tulizitandaza zote mbili juu ya baraza ya saruji. Zilitakiwa kukubaliana kama mapacha. Hazikukubaliana. Wetu ulikuwa mfupi, si sana, kama unene wa ukucha, lakini katika kazi ile unene wa ukucha ni aibu kubwa. Yule mhandisi akainama. Alipitisha kidole gumba taratibu juu ya utepe wetu, kutoka mwanzo, kama kipofu anayesoma, na karibu na katikati kidole kikasimama. Akaniita nishike. Nilisikia chini ya ngozi yangu kijituta cha mkunjo ulionyooshwa kwa mikono, kovu dogo kabisa.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkurugenzi, feni inalia juu ya vichwa vyetu. Bwana Semkiwa ndiye aliyeuliza maswali. "Ufunguo wa chumba cha vipimo anao nani?" Alijua. Alinipa mwenyewe. Nikasema, "Mimi, mzee." "Utepe ulitoka nje ya chumba kwa idhini ya nani?" Nikasema haukutoka kwa idhini yangu, nikasema habari ya mchanga na habari ya namba zilizotazama nje, nikamkumbusha kwamba nilimuuliza na akaniambia alikuja kukagua. Alivua miwani akaifuta kwa leso. "Mimi sikumbuki kuulizwa. Na mchanga? Dar es Salaam nzima ni mchanga, binti." Watu wakacheka, kicheko kidogo cha watu wanaoogopa kupunguzwa kazi. Mwajuma alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Mkurugenzi akamuuliza, "Wewe mwenzake, unajua lolote?" Mwajuma akatazama mikono yake. "Sijui kitu, mzee. Mambo ya chumba kile ni ya Sekela." Hakusema uongo mkubwa, alisema mdogo tu, na kwa sauti ya upole. Nilitoka mle ndani nimeondolewa kwenye masomo, na jina langu limetangulizwa kwenye kundi la kwanza la kupunguzwa.

Na bado sikuelewa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mwajuma alinishika mkono njia nzima hadi Tandika. Alilia, machozi ya kweli. Mama yake alinichemshia maji ya kuoga yenye mkaratusi, akanipaka mafuta mgongoni kama mtoto mchanga, akasema, "Usijali mwanangu wa bara, Mungu hamtupi mja wake." Moyoni nilimlaani mzungu, nilimlaani mkurugenzi, nilijilaani mimi mwenyewe. Nilidhani Bwana Semkiwa aliukunja ule utepe kwa bahati mbaya siku ya kukagua na anaona haya kusema. Nilimpangia mpaka visingizio. Habari ikaja baadaye kwamba nafasi ya masomo imepewa Mwajuma. Alinijia kichwa kakiinamisha. "Sikuiomba," akasema. Nikamwambia aende, asiiache ipotee. Nikamwambia yale maneno yake mwenyewe: mmoja akipata, tumepata wote.

Kisha nikashikwa na homa. Nilitoka kwenda zahanati asubuhi, foleni ikawa ndefu, miguu ikakataa, nikarudi kabla sijafika dirishani. Nyumba ilikuwa kimya, wapangaji wamekwenda kazini. Nikaingia chumbani nikajilaza. Sikumwita mtu, sikuwa na nguvu za kuita. Nikasikia uani mbuzi ikianza kukuna nazi, ule mkwaruzo wa taratibu, na sauti zikapanda zikapita juu ya ukuta kama zilivyopita siku zote.

"Mzungu kashaondoka?" aliuliza Mama Mwajuma.

"Kashaondoka."

"Na huyo mzee wenu?"

"Mzee hawezi kusema, mama. Gari lilikuwa lake. Yeye ndo aliyerudisha pikapu nyuma bila kutazama, mie nimesimama na utepe mkononi namwambia ngoja, ngoja. Huko kwenye viwanja vyake vya pembeni Mbweni njia yenyewe mchanga mtupu. Tairi likapita juu yake."

"Na ufunguo?"

"Si Sekela alikuwa kanisani. Wa mzee ulivunjika siku nyingi, ndo akaniambia niulete wa Sekela. Niliurudisha palepale, chini ya godoro, upande wake."

Mbuzi ikanyamaza. Nilikuwa natazama mabati, mahali palipokuwa na tundu la msumari na mwali wa jua unaingia. Mama Mwajuma akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwajuma. Mtoto wa watu yule."

"Najua, mama."

"Anakula kwangu."

"Mama, nafasi ni moja. Nikisema, mie nafukuzwa, mzee anafukuzwa, na yeye mwenyewe wala hawamrudishi, washamaliza naye. Sasa faida ya nani?"

Kimya kilikuwa kirefu. Nilikuwa nasubiri. Ni ajabu kusema, lakini katika kimya kile nilikuwa na matumaini makubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo kikaoni. Nilisubiri yule mama aseme neno. Mbuzi ikaanza tena kukuna. "Basi funga mdomo wako," akasema. "Usimwambie mtu, hata mumeo ukija kuolewa. Yeye ana kwao, ana ndizi, ana ng'ombe wa baba yake. Sie kwetu ni hapahapa."

Sijui nililala kwa muda gani nikiwa macho. Nilisikia hatua ukumbini, zikakaribia, zikasimama. Kandambili zangu zilikuwa mlangoni. Pazia likafunuliwa, Mama Mwajuma akanikuta nimekaa kitandani. Tukatazamana. Mikono yake ilikuwa na machicha hadi viwikoni.

"Umerudi saa ngapi?"

"Kitambo kidogo, mama."

Alisimama. Akapangusa machicha kwa pindo la khanga. "Homa ikoje?"

"Imepungua."

"Basi njoo ule."

Na nilikwenda. Nilikaa mkekani kama siku zote. Akapakua wali, akamimina mchuzi, na kwenye sahani yangu akaweka kipande cha samaki cha tumboni, kile cha mwanawe. Mwajuma aliona, akamtazama mama yake, kisha akatazama pembeni. Nilikula chote. Nimewasimulia watu wachache sana habari hii, na wote wananiuliza swali moja: kwa nini ulikula? Nadhani nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa kusema, na ningesema, ingebidi niondoke, na nikiondoka sikuwa na mahali pengine popote ndani ya mji ule ambapo mtu angeniambia njoo ule. Usaliti wa mtu baki una faida moja, kwamba unaweza kubamiza mlango ukaondoka.

Jumamosi nilikwenda Sinza. Gesti ya Bwana Semkiwa ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, upande mmoja, upande mwingine vyumba vimeshapigwa rangi ya kijani na vina vitanda. Nilimkuta barazani na mkewe, wanakula ndizi za nyama. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." "Marahaba, binti yangu, karibu, nawa mikono." Nikasema nimeshiba. Mkewe alipoingia ndani nikamwambia najua habari ya Mbweni, habari ya pikapu, na namwomba aende kwa mkurugenzi akaseme. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitafuna akamaliza, akanawa, akasema kwa sauti ileile aliyotufundishia kuvuta utepe: "Sekela, shirika linakufa. Nikisema, tunaondoka watatu. Nisiposema, unaondoka mmoja. Wewe ni mtu wa hesabu, nifanyie." Nikamwambia, "Huyo mmoja ni mimi, mzee." Akaitikia kwa kichwa, kwa masikitiko kabisa, kana kwamba tunamzungumzia mgonjwa tuliyempenda sote. "Ndiyo. Na nimefikiri jinsi ya kukusaidia. Hapa nitahitaji mtu mwaminifu wa kukaa mapokezi na kushika funguo za vyumba." Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Niliaga, nikatembea katikati ya jua hadi barabara ya Shekilango na zaidi ya Shekilango, na sikulia mpaka mwanamke muuza maji aliponiuliza kama naumwa.

Mwajuma nilimkabili siku aliyokuwa anapanga nguo za chuoni. Nilimwambia, "Nilikusikia siku ile, ulipokuwa na mama uani." Akaendelea kukunja gauni. "Najua. Mama aliniambia." Kumbe. Walikuwa wanajua kwamba najua, na siku zote zile wakanipakulia, wakanisalimia, wakaniuliza nimelalaje, na mimi nikaitikia salama. Nikamuuliza kama hana la kusema. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Uso wake ulikuwa umechoka, wa mtu mzima. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningesema."

"Ndo maana wewe ndo unaondoka," akasema. Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama mtu anayesoma namba kwenye futikamba.

Niliondoka Tandika kabla yeye hajaondoka. Mama Mwajuma alinipa doti ya khanga mpya na kifurushi cha mikate ya kumimina, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akalia hadi majirani wakaja kumbembeleza. Wote waliniambia nina bahati kupendwa namna ile. Sikurudi Tukuyu. Nilishuka Kibamba, ambako siku zile kulikuwa bado shamba zaidi kuliko mji, nikapanga chumba kwa mjane mmoja aliyeuza mkaa, nikampa yule mjane ile doti. Nikaanza kufundisha hesabu watoto wa majirani, kisha shule ikanichukua bila cheti, kisha nikakitafuta cheti. Nimeishi kwa hesabu, na nimeishi vizuri kiasi. Shirika lilivunjwa kama Bwana Semkiwa alivyosema. Pale Chang'ombe sasa wanauza vigae. Mzee mwenyewe alikuja kuwa na gesti nyingine, akafa kwa kisukari, watu wakamsifu. Utepe wa inva, nilivyosikia, uliuzwa kwa kilo pamoja na meza na makabati. Mwajuma akawa mpima mkubwa. Niliwahi kuona jina lake kwenye bango la viwanja Mbweni, nikalisoma hadi mwisho, pamoja na namba ya simu, nikaendelea na safari.

Nilifika msibani wanaume wameshaondoka na jeneza. Wanawake walijaa ukumbini na uani, khanga juu ya vichwa. Nyumba ina dari sasa, ya mbao nyeupe, na sauti zinabaki vyumbani mwake. Mwajuma aliponiona alisimama kwa shida, magoti yanamsumbua, akanikumbatia kwa nguvu, akawaambia walio karibu, "Huyu dada yangu. Tumelala kitanda kimoja huyu." Wakanipisha nikae. Binti yake, mrefu kama alivyokuwa mama yake, akaniletea maji. Baada ya dua, watu walipoanza kuinuka, Mwajuma alinivuta hadi kwenye kijia cha nyuma, karibu na masufuria. Alikuwa anahema.

"Mama kabla hajakata kauli alinishika mkono," akasema. "Alisema nikikuona nikutake radhi. Kwa yale ya zamani."

"Hiyo ni ya mama," nikasema. "Mama nimeshamsamehe njiani nikija. Na wewe?"

Alinitazama. Nilimwona, nakuapia nilimwona, akifungua mdomo. Midomo yake ilishatengeneza jina langu. Hapo mwanamume mmoja mwenye kanzu akachungulia uani, "Bosi, wale wa wizarani wamefika, wanataka kukupa pole," na Mwajuma akageuka upesi, upesi kuliko magoti yale yalivyoweza kuruhusu, akasema akiwa ameshanipa mgongo, "Nakuja."

Nilikaa kwenye kigoda kando ya masufuria. Wapishi walinipakulia pilau nikasema asanteni, sikuigusa. Wakasafisha vyombo. Wakamwaga maji ya kuoshea. Jua lilikuwa linaondoka uani pole pole, ukuta mmoja baada ya mwingine, na kutoka mbele ya nyumba nilisikia sauti ya Mwajuma ikiwashukuru wageni, nzito, yenye heshima, ikicheka mahali pamoja. Mwishowe binti yake akaja, ameshika funguo za gari, mpole, amelelewa vizuri.

"Shikamoo mama mkubwa. Mama anasema umsamehe, amebanwa na wageni."

Nilimtazama yule mtoto. Hakujua alichobeba.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikasimama, nikajitanda khanga yangu vizuri. "Mwambie nimesikia."